Mama mdogo si mama: binti aliyekaa Texas miezi 16 akaambiwa bado ni mgeni

Julai 2023, saa nne usiku, simu inaita. Ni dada mmoja wa Tanga tunayejuana naye kupitia misiba na harusi za Watanzania hapa Dallas, kwa kawaida ananitumia voisi tu lakini siku hiyo kapiga, na hata salamu haikukaa sawa. "Kaka, chuo wameandika mwanangu sio mkazi wa Texas. Mwaka na miezi minne yuko hapa kwangu, sasa kama sio mkazi wa hapa ni mkazi wa wapi, baharini?" Nikamwambia atulie, anitumie picha ya hiyo barua niisome kwanza. Akatuma ya barua, akatuma na ya bili.

Bili ya semista moja, krediti 12, yaani masomo kama manne, ilikuwa dola elfu 11 na mia kadhaa. Kijana wa jirani yao aliyemaliza hai skuli palepale Irving, mji jirani na Dallas wanakoishi, chuo kilekile, kozi ileile, anadaiwa elfu 5 na kitu. Kwa Texas sheria yenyewe inaweka ada ya msingi ya mkazi kuwa dola 50 kwa krediti moja, ya mgeni inapangwa upya kila mwaka kwa wastani wa kile ambacho vyuo vya umma vya majimbo mengine matano yenye watu wengi zaidi vingemtoza mtu wa Texas, na miaka hiyo mgeni alikuwa anampita mkazi kwa zaidi ya dola 400 kwa kila krediti. Zidisha mara 12 uone. Halafu zidisha mara semista nane za digrii, ndo utaelewa kwa nini mtu anapiga simu saa nne usiku.

Majina sitaji. Wenyewe wameniruhusu niandike mradi nisiwaanike, kwa hiyo humu ndani ni Binti na Mama Mdogo, basi. Chuo nacho nakiacha bila jina maana kwa kweli hawakukosea, walisoma sheria yao. Na mi sio wakili, nafanya mahesabu, kila Januari hadi Aprili nafaili kodi za watu, na huko ndiko hii kesi ilikoanzia ingawa siku ile ya simu nilikuwa sijajua.

Binti ni mtoto wa dada yake mkubwa, dada yuko Muheza. Lakini tangu darasa la pili Binti kalelewa Tanga mjini na Mama Mdogo, na Mama Mdogo alipoondoka kuja huku akawa anatuma ada mpaka Binti akamaliza Form Six. Kwetu hiyo habari imeisha, huyo ni mama, hakuna anayekuuliza umemzaa au hukumzaa. Binti akacheza DV, ile bahati nasibu ya grinikadi, akapata mara ya kwanza tu wakati mi nina binamu yangu kacheza miaka 11 hajaona kitu. Machi 2022 akatua uwanja wa DFW, miaka 19, grinikadi yake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe, akafikia kwa Mama Mdogo Irving.

Sasa Mama Mdogo anafanya kazi nyumba ya wazee, shifti ya usiku, na ana watoto wawili, mmoja miaka minne mwingine alikuwa ndo anaanza kutembea. Unajua kitakachofuata. Binti akawa ndo mlezi wa usiku na nusu ya mchana, anapika, anaogesha, anapeleka watoto kliniki, miezi kumi hivi, hakuna anayemlipa na wala hakudai, ni nyumbani. Januari 2023 watoto wakapata nafasi mahali, Binti akaingia kazini kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, tarehe 23, anapanga mizigo. Huku nyuma akawa ameomba chuo kupitia ApplyTexas, mtandao wa kuombea vyuo vya hapa, vyeti vya NECTA vikapimwa, akakubaliwa kuanza Agosti. Sherehe ikafanyika kabisa, pilau, na keki yenye kofia ya mahafali juu yake. Halafu Julai ndo ikaja hiyo barua.

Nilienda kwao Jumamosi. Nikamwambia Binti nifungulie potali nione ulijibu nini, kwa sababu watu wengi wanadhani ukazi chuo wanaukagua, hapana, kwanza wewe mwenyewe unajieleza. Kuna maswali ya ukazi kwenye maombi ya vyuo vyote vya umma vya Texas, na kuna mahali yanauliza mambo mawili mfululizo: je, unafaili kodi ya shirikisho mwenyewe kama mtu anayejitegemea, na je, umewekwa au unaweza kuwekwa kama tegemezi wa mzazi au mlezi aliyeteuliwa na mahakama. La kwanza Binti kajibu hapana. La pili kajibu ndiyo. Chini yake kwenye habari za mzazi kamjaza Mama Mdogo, amekaa Texas miaka tisa, ana kazi, ana apatimenti, kila kitu kweli tupu. Ofisi wakaomba cheti cha kuzaliwa, Binti akatuma cheti cha RITA, jina la mama lililoko pale ni la yule wa Muheza. Wakarudisha jibu: huyu uliyemjaza sio mzazi wako kisheria, na wewe mwenyewe hujaonyesha makao ya kudumu Texas kwa miezi 12, unaandikwa mgeni.

"Mbona mimi ndo nimemlea?" Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na yunifomu ya kazi, hajalala tangu jana yake. Sikuwa na jibu zuri. Sheria ya elimu ya Texas inasema mzazi ni aliyekuzaa, au aliyekuasili, au aliyepewa haki ya mtoto na mahakama, au mlezi wa kisheria. Hata baba wa kambo kwa ukambo wake tu hamo. Shangazi, mjomba, mama mkubwa, mama mdogo, bibi, hawamo kabisa, hata angekusomesha tangu chekechea.

Nikamuuliza Binti, lakini wewe kwa nini ulijibu umewekwa tegemezi? Akanitazama. "Si we anko ulisema. Wakati wa kodi."

Nikakumbuka. Februari 2023 mimi ndo nilimfailia Mama Mdogo kodi ya mwaka 2022, na Binti nilimweka tegemezi. Na nilikuwa sahihi, hapo sijilaumu, mtoto wa dada yako ni ndugu wanayemtambua IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kipato chake mwaka ule kilikuwa sifuri wakati kikomo ni dola 4,400, matumizi yake yote anayabeba Mama Mdogo, inakubalika bila shida. Mama Mdogo akapata punguzo la tegemezi wa aina hiyo, dola 500. Nikamwambia Binti kwa mdomo wangu "wewe sasa ni tegemezi wa mama" tukacheka. Sikumuuliza kama ana mpango wa chuo. Yeye alipofika kwenye fomu akakuta neno tegemezi akakumbuka maneno ya anko, akaweka tiki. Tatizo swali la chuo halikuishia kwenye tegemezi, liliendelea likasema wa mzazi, na mzazi wa IRS na mzazi wa Texas kumbe ni watu tofauti.

Hapa ndo pana utamu wa hii kesi, na ndo sababu naiandika. Mtoto ni mmoja, ofisi ni tatu. IRS wanakwambia huyu ni tegemezi wa Mama Mdogo. Ukienda FAFSA, ile fomu ya msaada wa masomo wa serikali, wanasema msichana wa miaka 20 asiyeolewa na asiye na mtoto ni tegemezi wa wazazi wake waliomzaa mpaka afike 24, kwa hiyo tuleteeni kipato cha baba na mama wa Muheza, cha Mama Mdogo hatukitaki. Ukienda ofisi ya ukazi ya chuo wanasema wazazi wake wako Tanzania na hawafaili kodi huku, Mama Mdogo hamo, basi huyu anajitegemea, alete ushahidi wake mwenyewe. Na hakuna hata mmoja anayedanganya. Kila ofisi ina sheria yake na haimuulizi mwenzake. Ukijibu fomu ya ofisi moja kwa jibu la ofisi nyingine umekwisha, na sisi tunavyopenda kuuliza "fulani alijazaje" ndo tunaumia zaidi.

Basi ikabaki njia ya kujitegemea. Texas inataka uwe umeweka makao ya kudumu jimboni kabla ya mwaka mmoja kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku wanayoiita ya sensa, ambayo kwa semista ndefu ni siku ya 12 ya masomo. Kwa chuo cha Binti semista ya Agosti ilikuwa inaangukia tarehe 6 Septemba 2023. Yeye yuko nchini tangu Machi 2022, ukihesabu ni miezi 18 kasoro siku kadhaa, mwaka umepita na chenji inabaki. Lakini kukaa tu sio makao ya kudumu. Wanataka kitu kinachoonyesha umetia mizizi, na vitu vyenyewe ni vinne tu: kazi ya maana mfululizo miezi 12, au umiliki wa nyumba unayoishi, au biashara yako, au ndoa na mtu ambaye tayari ni mkazi. Kazi ya maana ni ile inayobeba angalau nusu ya ada na matumizi yako, au wastani wa saa 20 kwa wiki. Kazi unayopewa kwa sababu we ni mwanafunzi, zile za ndani ya chuo, haihesabiki.

Kitambulisho cha Texas, mkataba wa nyumba, bili za umeme, kadi ya mpiga kura kwa wale raia, hivyo vyote ni vya kusindikizia. Peke yake havitoshi. Hili nimeona watu wakilia nalo, mtu kaja na bahasha nene, lisi, yaani mkataba wa kupanga, ya miaka miwili, bili za umeme zote kazipanga kwa tarehe, anaambiwa asante sana, kazi iko wapi?

Binti kazi alikuwa nayo, ila kufika Septemba ingekuwa miezi saba na nusu.

Kikao cha familia kikakaa kwenye grupu la WhatsApp, na mi nikaingizwa humo. Mawazo yalikuwa mengi kuliko watu. Mjomba aliyeko Houston akasema nendeni mahakamani Mama Mdogo apewe ulezi, kesi ya wiki mbili. Haiwezekani, kwa Texas mlezi wa kisheria anateuliwa kwa mtoto chini ya miaka 18 au kwa mtu mzima asiyejiweza, Binti ana miaka 20 na anapanga mizigo ya kilo 20 kwenye ghala, jaji utamwambia hajiwezi kwa lipi. Mwingine akasema aolewe, si ndoa inakubalika? Akaweka na ka-emoji. Binti akajitoa kwenye grupu siku mbili. Mwingine akaandika faragha kwangu kwamba ana rafiki mwenye apatimenti anaweza kuandika lisi ya tarehe za nyuma na barua ya kazi pia, mia tatu tu. Nilimjibu vibaya huyo na sijutii. Mtu mwenye grinikadi, anayetaka kuomba uraia baada ya miaka mitano, unampa karatasi ya kughushi aisaini mbele ya taasisi ya serikali? Na hiyo lisi hata ingekuwa halisi, nishasema, ni ya kusindikizia.

Shemeji wa Seattle naye akasema kwao mambo rahisi, mleteni huku. Kwao kuna sheria zao, na ukizisoma kuna mtego wake, mtu aliyetoka nje ya jimbo akachukua krediti zaidi ya sita kwa muhula ndani ya ule mwaka wake wa kwanza anahesabiwa kaja kwa ajili ya shule, mwaka wake hauhesabiki mpaka athibitishe vinginevyo. Kila jimbo lina yake bana. Kuhama ingekuwa kuanza saa upya, sifuri.

Tulijaribu mambo mawili kabla ya kukubali. La kwanza nilikuwa nalo na matumaini. Kanuni za Texas zinapoeleza kazi ya maana zinataja pia shughuli inayomwezesha mtu kuepuka gharama ya kumlipa mtu mwingine, na mfano wanaoutoa ni kulea watoto. Nikasema haaa, si ndo Binti huyu, miezi kumi kalea watoto wawili, deikea ya watoto wawili Irving sio pesa ya mchezo. Tukaandika maelezo, Mama Mdogo akayasaini mbele ya mthibitishaji, tukapeleka. Dada wa ofisini alikuwa mstaarabu, alitusikiliza mpaka mwisho, ila akauliza: gharama aliyoiepuka ni ya nani? Hapo nikanyamaza, maana jibu ni ya Mama Mdogo. Kipengele kile kinamsaidia mama anayelea watoto wake nyumbani, anaepuka gharama ya kwake, sio mpwa anayelea watoto wa mwingine. Ningekuwa wakili pengine ningebishana, saa za kazi zenyewe hatukuwa tumeziandika popote, tukaacha. Inauma hiyo. Miezi kumi ya kuamka usiku na mtoto wa mtu, kwa sheria ni kama alikuwa amelala.

La pili ni skolashipu. Mgeni akishinda skolashipu ya ushindani ya chuo ya kuanzia dola 1,000 kwa mwaka, inayotolewa na kamati rasmi ya chuo na ambayo hata wakazi wanaigombea, anaruhusiwa kulipa bei ya mkazi mwaka huo. Elfu moja inakuokolea elfu kumi. Nafasi zina kikomo, asilimia 5 ya wanafunzi wa chuo. Watu wengi wa kwetu hawaijui kabisa hii na naomba ikumbukwe. Binti naye hakuijua, mwisho wa kuomba ulipita tangu mapema mwaka ule.

Kwa hiyo Agosti tukapiga hesabu mezani kwa Mama Mdogo, chai na mandazi. Mama Mdogo alitaka alipe hiyo elfu 11, achukue mkopo, mtoto asipoteze mwaka. Mi nikasema dada, huyu sio anapoteza mwaka, amebakiza miezi mitano. Mwaka wa kazi unakamilika tarehe 23 Januari. Semista ya Januari kwa chuo chake siku ya 12 ya masomo ni tarehe 31 Januari 2024. Anapita kwa siku nane. Aombe kuhamishia nafasi yake Januari, sasa hivi achukue masomo mawili Dallas College ambayo chuo kitayapokea. Dallas College wakati huo mtu wa kaunti ya Dallas alikuwa analipa dola 79 kwa krediti, mtu wa Texas wa nje ya kaunti 135, wa nje ya jimbo 200. Huko nako angeandikwa mgeni, hilo tulijua, lakini krediti sita ni dola 1,200, sio elfu 11. Na kuchukua sita tu badala ya 12 kunamwachia muda wa kazi, maana akishuka chini ya wastani wa saa 20 tumerudi mwanzo.

Mama Mdogo alikaa kimya muda, akasema sawa, lakini hakuipenda. Alishawaambia watu kanisani.

Sasa ile miezi mitano ndo ilikuwa kazi. Kitu cha kwanza, barua ya mwajiri. HR ya lile ghala ni namba ya simu yenye muziki, ukipata mtu anakutumia barua ya kompyuta inayosema fulani ni mfanyakazi wetu, nukta. Haina tarehe ya kuanza. Barua isiyo na tarehe ya kuanza haikusaidii chochote, chuo kinataka kuona tangu lini na kama bado yuko. Aliomba mara tatu, mara ya tatu supavaiza wake mwenyewe, Mnigeria mmoja mzee, ndo alimwandikia kwa mkono HR akaambatanisha. Ikaja yenye tarehe.

Kitu cha pili ni saa. Ghala baada ya msimu wa sikukuu linakata shifti, kuna wiki za Februari na Machi alikuwa anapata saa 12, 14. Halafu Juni alienda Tanga kuzika bibi, wiki tatu sifuri kabisa. Binti alikuwa anaogopa hizo wiki tatu kwamba zimekata mwaka wake. Hazikukata, kuondoka kwa muda ukiwa na nia ya kurudi hakuvunji makao, ila saa zake sifuri zinaingia kwenye wastani. Tukakaa Jumapili moja ya Januari na simu yake, slipu za mshahara zote ziko kwenye app, anazisoma yeye mi naandika kwenye daftari la mahesabu la mtoto wake Mama Mdogo lenye picha ya dinosa. Desemba ilituokoa, kuna wiki kapiga saa 44. Jumla saa 1,214, gawanya kwa wiki 52, ni 23 na kitu. Binti akasema rudia. Tukarudia.

Kitu cha tatu kodi. Mwaka 2023 Binti alikuwa na kipato kilichopita mbali kikomo cha dola 4,700, na mwanafunzi wa muda wote hakuwa, kwa hiyo Mama Mdogo hakuwa tena na haki ya kumweka tegemezi hata angetaka. Na alitaka, akaniuliza "na ile mia tano yangu?" kwa utani lakini sio utani wote. IRS walifungua msimu tarehe 29 Januari 2024, W-2 yake, ile fomu ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, ilishatoka kwenye app, nikamfailia siku hiyohiyo jioni, anajitegemea, jina lake, anwani yake ya Irving. Kwenye fomu mpya ya maswali ya ukazi swali la kwanza ndiyo, la pili hapana. Tarehe 30 tukapandisha kila kitu: barua, slipu, nakala ya kodi, kitambulisho cha Texas alichochukua Aprili 2022, barua ya chuo cha Dallas, taarifa za benki. Siku moja kabla ya sensa. Sipendekezi mtu acheze karibu hivyo na siku ya mwisho.

Nisimame hapo kidogo kwa sababu kila nikisimulia hii watu wanauliza na yangu je. Kama uko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1, njia hii sio yako, ufanye kazi miaka mingapi huwezi kuweka makao ya kudumu kwa viza hiyo, labda ile ya skolashipu. Wenye grinikadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi, ndugu zetu Wakongo na Warundi wengi wako hapo, wanaweza kabisa sawa na raia. Na watoto wanaomaliza hai skuli hapa baada ya kuishi Texas miaka mitatu mfululizo wana mlango wao, hawaulizwi kazi wala mzazi, kwa hiyo wale wadogo wawili wa Mama Mdogo hawatapita kwenye haya. Mlango huo tangu 2001 ulikuwa wazi hata kwa watoto wasio na karatasi, ila tarehe 4 Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliuzuia kwa hao, baada ya serikali kuu kuishtaki Texas na Texas kukubali siku hiyohiyo. Wenye karatasi halali haikuwagusa.

Jibu la Binti lilichukua siku tisa. Katikati waliuliza swali moja tu, mbona Juni kuna wiki tatu hakuna mshahara, tukatuma tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi na maelezo mistari minne. Tarehe 8 Februari potali ikabadilika, mkazi. Bili ya krediti 12 ikashuka ikawa elfu 5 na mia nne. Binti alinitumia skrinishoti bila neno hata moja, halafu baada ya dakika kumi voisi, kilio tu na nyuma yake vigelegele vya Mama Mdogo ambaye alitakiwa awe amelala.

FAFSA nayo ilishughulikiwa kwa mzazi wa Muheza kama wanavyotaka. Hana namba ya Social Security, kwa fomu ya mwaka ule unajaza sifuri zote tisa, halafu unachapa ukurasa wa saini mzazi asaini kwa mkono utumwe kwa posta. Tukautuma WhatsApp, stationari moja ya Muheza wakauchapa, mara ya kwanza mama kasaini kwenye mstari wa mwanafunzi. Ukachapwa tena. Karatasi ilifika Novemba, Pell, ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ikatoka kwa semista ya Januari, mwaka huo kiwango cha juu kilikuwa 7,395 kwa mwaka mzima na yeye kapata nusu yake. Zile 1,200 za Dallas College alishazilipa mfukoni.

Siku ya kwenda kuchukua kitambulisho cha chuo tulienda wote watatu. Dirishani wakampa tableti ajaze mtu wa kupigiwa simu akipata dharura. Akaandika jina la Mama Mdogo na namba, chini kuna kisanduku cha uhusiano, ukikigusa kinashusha orodha, shangazi yumo. Mama Mdogo alikuwa anachungulia begani. Binti akaipita shangazi akagusa mama, akageuka kunitazama kama anauliza tena nimekosea.

Nikamwambia hiyo weka unavyotaka, hapo hawaombi cheti.